Uvimbe au kuvimba?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 7 aliugua mafua makali. Wiki mbili baadaye akaanza kuyumba akitembea na kusinzia mchana kutwa. Picha ya CT ikaonyesha uvimbe kichwani. Tulipofanya MRI, daktari mwingine akasema huenda hakuna kilichoota, ubongo umevimba tu. Nimwamini nani?
Mama, Morogoro

JIBU: Pole sana, mama. Neno lenyewe linachanganya. Kitu kilichoota mwilini tunakiita uvimbe, na kidole kilichochomwa na mwiba nacho tunasema kimevimba. Ubongoni, cha kwanza ni seli zinazoongezeka bila mpangilio. Cha pili ni mchochota.

Mchochota mwingine huletwa na kinga ya mwili yenyewe. Ikishapigana na virusi, hukosea ikashambulia utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu. Dalili huja ndani ya siku chache: homa, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, miguu kulegea. Uvimbe ulioota mara nyingi hunyemelea kwa wiki au miezi: kichwa kinauma alfajiri, mtoto anatapika, anapata nafuu, anakwenda shule; jicho linaanza makengeza, mwandiko unaharibika.

Hata hivyo dalili huingiliana. MRI huonyesha ubongo kwa undani kuliko CT, hivyo daktari wa pili ana mengi zaidi ya kutazama. Mchochota wa kinga mara nyingi huacha mabaka kadhaa, pande zote mbili. Pengine baka huzungukwa na pete isiyofungika, kama mwezi mwandamo. Kifua kikuu na mabuu ya tegu wa nguruwe nayo huchora pete, ndiyo maana hupimwa damu na, picha ikiruhusu, maji ya uti wa mgongo.

Nafuu ya haraka isikudanganye. Dawa za steroidi hutuliza mchochota, lakini hupunguza pia maji yanayozunguka uvimbe ulioota. Kwa hiyo picha hurudiwa baada ya muda. Shaka ikibaki, hukatwa kinyama kidogo kikapimwe maabara. "Huenda" ya daktari huyo ni ya haki.

Wewe andika kwenye daftari tarehe ambayo kila dalili ilianza, kuanzia yale mafua, uende nalo kliniki pamoja na picha zote mbili. Akipata degedege, akitapika mfululizo au akiwa mgumu kuamka, usingoje kukuche: hospitali usiku huohuo.