Baiskeli: Siku ya Ratiba na Siku ya Kujiendea

Mwendeshaji baiskeli wa Iten hana haja ya kutafuta mlima. Mji uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Kabarnet huteremka kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio. Kushuka ni raha. Kurudi ndiko kwenye kazi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Rafiki hupiga simu, safari huanza bila mpango, na kila siku hugeuka mashindano. Baada ya wiki chache miguu huwa mizito na kasi hupungua. Huo si uvivu, ni ukosefu wa mapumziko. Mwili hujijenga baada ya mazoezi, mtu anapokula na kulala.

Mwingine hufuata ratiba kama amri. Kila dakika imepimwa, mpaka hamu inamwisha na baiskeli inabaki ukutani.

Namna ya kuyapatanisha

Mtu mwenye afya aliyezoea baiskeli anaweza kupanga wiki hivi:

• Jumanne: dakika 15 za kupasha mwili moto, kisha kupanda mlima kwa nguvu mara 4, dakika 5 kila mara, na dakika 5 za mwendo wa polepole katikati.
• Alhamisi: saa 1 ya mwendo wa wastani.
• Jumamosi: siku ya kujiendea, bila kuangalia saa. Sharti ni moja: aweze kuzungumza bila kuhema. Siku hiyo asiteremke Kerio, kwani anayeshuka lazima apande.
• Siku zilizobaki: kupumzika, au safari fupi nyepesi ya sokoni.

Mwaliko wa marafiki ukija Jumanne, aende nao, na mlima uhamie Alhamisi. Kanuni ni kwamba siku mbili ngumu zisifuatane.

Anayeanza hahitaji mlima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika 30 za baiskeli kwa siku 5 zinatosha kufikia kiwango hicho.

Kabla ya kuondoka

Breki zikaguliwe, kofia ya kinga ivaliwe, na maji yabebwe. Anayesikia maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame mara moja na atafute matibabu.

Ratiba huupa mwili nguvu. Siku ya kujiendea humfanya mtu atamani kurudi barabarani kesho.