Mgeni Ugenini Vita Vinapozuka

SWALI: Mwanangu aliyehitimu chuo kikuu hapa Juja amepata kazi Juba. Ghasia za silaha zikizuka afanye nini? – Mzazi, Juja.

JIBU: Wahaka wako, mzazi mwenzangu, una sababu, kwani Juba yenyewe ilishuhudia mapigano makali Julai 2016, na Khartoum, vita vilipowaka tarehe 15 Aprili 2023, uwanja wa ndege uligeuka medani tangu siku ile ya kwanza, hata wageni, Wakenya miongoni mwao, ikawalazimu kushika njia ya nchi kavu hadi mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini, au hadi Port Sudan, ambako merikebu zilivusha watu Bahari ya Sham mpaka Jeddah.

Basi na ajiandikishe katika ubalozi wetu wakati wa amani, wala asimwachie mwajiri pasipoti yake. Wako waliokwama Khartoum kwa kuwa pasi zao, walizoziacha wakiomba viza, zilifungiwa ndani ya balozi zilizohamwa kwa haraka. Awe na akiba ya maji, dawa na fedha taslimu, madhali benki na simu huenda zikakatika. Risasi zikianza kulia, akae chumba cha ndani, mbali na madirisha, asipige picha za askari, wala asitoke kwa kufuata uvumi. Akikamatwa, atake ubalozi wake ujulishwe. Nawe, kabla hajasafiri, tafadhali baki na nakala ya pasipoti yake hapo Juja.