Mteja na Mchoraji: Kuleta Kazi ya Studio katika Somo la Sanaa

Mtoto akiambiwa achore bango, huchora. Haulizi bango ni la nani wala litasomwa kutoka umbali gani. Mwalimu hulipa alama kwa uzuri wa rangi, kisha hulibandika ukutani. Katika studio za usanifu wa michoro kazi haianzi hivyo. Huanza na mteja, yaani mtu mwenye haja, na maswali anayoulizwa kabla penseli haijashikwa. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi utaratibu huo unavyoweza kufuatwa katika Darasa la Tano na la Sita.

Tuchukue mfano wa Uingereza. Mwaka 1957 serikali ya huko iliunda kamati chini ya Sir Colin Anderson ili ishughulikie alama za barabara mpya za magari yaendayo kasi. Kazi ya kuzibuni alipewa Jock Kinneir, naye akashirikiana na Margaret Calvert, aliyekuwa mwanafunzi wake katika chuo cha sanaa cha Chelsea. Haja yenyewe haikuwa alama za kupendeza, bali dereva aweze kusoma jina la mji mapema, akaamua njia bila kusitasita. Kinneir na Calvert waliandika majina kwa herufi ndogo zinazotanguliwa na herufi kubwa, kwa hoja kwamba jicho hulitambua neno kwa umbo lake. Alama hizo zilitumika katika barabara ya Preston, iliyofunguliwa mwaka 1958.

Ubishi ukazuka. Mchongaji wa herufi, David Kindersley, alishikilia kuwa herufi kubwa tupu zingefaa zaidi. Basi watu waliketishwa katika uwanja wa ndege wa Benson, na gari lililobeba alama likawajia ili ijulikane wanazisoma likiwa umbali gani. Herufi za Kindersley zilishinda kwa tofauti ndogo sana. Hata hivyo zilizochaguliwa ni za Kinneir, kwa kuwa sura yake ilipendeza zaidi. Mwalimu asiwafiche wanafunzi jambo hili. Jaribio humsaidia mteja, lakini halimwondolei wajibu wa kuamua.

Baadaye kamati ya Worboys iliwapa wasanifu hao alama za barabara nyinginezo, zilizoanza kutumika rasmi mwaka 1965. Alama ya zamani ya watoto wavukao barabara ilionyesha mvulana akimwongoza msichana, nao walifanana na watoto wa shule za wenye nafasi. Calvert alimchora msichana akimwongoza mvulana mdogo.

Darasani, mteja awe wa kweli. Mwalimu akijifanya mteja, watoto watachora kile wanachodhani anakipenda. Mathalani, mpishi wa shule anataka maji ya pipa la kuoshea vyombo yasinywewe. Watakaolikaribia pipa ni pamoja na watoto wa Darasa la Kwanza, ambao hawajajua kusoma. Huenda mpishi akaomba yaandikwe maneno "Usinywe maji haya". Wachoraji wamwulize: nani hasa hunywa, hutokea upande gani, huja saa ngapi? Wakiuliza vema, watagundua wenyewe kuwa maneno matupu hayatamlinda mtoto huyo, na kwamba mchoro wahitajika.

Rasimu zichorwe kwa mkaa juu ya magazeti makuukuu, tatu kwa kila kundi. Kisha aitwe mtoto wa Darasa la Kwanza asiyeelezwa lolote, asimame hatua kumi na tano, aulizwe anaona nini. Akisema, "Naona mtu anakunywa maji," wachoraji wasimsahihishe. Mchoro ndio usahihishwe.

Sehemu ngumu ni kukataliwa. Mpishi akisema "sipendi," wanafunzi wengi hununa au hubadili rangi ovyo. Wafundishwe kuuliza sababu kwa adabu: "Shikamoo mama, ni jambo gani halikukupendeza?" Pengine ameona kwamba bango litafunikwa na moshi wa jiko, na hilo ni jambo ambalo mchoraji hakulijua. Pengine hapendi rangi tu. Hapo kundi limweleze kwa heshima yale yaliyoonekana katika jaribio, kisha yeye aamue.

Karatasi ya manila, ambayo ni ghali, itolewe baada ya jaribio la pili, moja kwa kila kundi.