Pima Paa Lako Kabla ya Mvua za Vuli

Mvua za vuli huanza Oktoba. Maji yakiachwa kutiririka ovyo kutoka paani humomonyoa udongo wa uani, kisha kiangazi kikifika familia inanunua maji kwa mtungi. Hebu tukadirie unachoweza kuvuna.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Usipande juu, pima chini eneo ambalo paa limefunika. Nyumba ya mabati ya mita 6 kwa 5 ina mita 30 za mraba. Ikinyesha milimita 20, hizo ni lita 600, yaani mitungi 30 ya lita 20. Kwa kuwa mengine hupotea, hesabu 25.

Ili yawe safi:
1. Safisha paa na mifereji yake mapema.
2. Mwaga maji ya kwanza. Yana vumbi na kinyesi cha ndege.
3. Funika tangi kwa wavu kuzuia mbu.
4. Chemsha ya kunywa.

Huna tangi? Anza na pipa la lita 200. Paa hilo hulijaza kwa milimita 8 tu.