Kabla ya Kuchimba Kisima: Jinsi Ramani ya Hatari ya Maji ya Ardhini Inavyotengenezwa

Mkazi anayenunua ploti ya futi 50 kwa 100 pembezoni mwa jiji la Nakuru, iwe Kiamunyi au Barut, ana hesabu mbili za kufanya: choo kikae wapi, na kisima kichimbwe wapi. Ushauri uliozoeleka ni mita 30 kati ya kisima na choo cha shimo. Lakini ploti hiyo ina upana wa mita 15 na urefu wa mita 30 hivi. Ukiweka choo kona hii na kisima kona ile ya mbali kabisa, umepata kama mita 34, na bado hujui choo cha jirani kiko wapi nyuma ya ukuta. Jibu halipatikani ndani ya ploti moja. Ni lazima kutazama mtaa mzima na mlima ulio juu yake.

Kazi hiyo hufanywa kwa ramani za kompyuta. Njia mojawapo inayotumika sana duniani huitwa DRASTIC, iliyotolewa Marekani mwaka 1987. Huuliza mambo saba: kina cha maji, kiasi cha mvua kinachofika chini, mwamba unaobeba maji, udongo wa juu, mteremko, tabaka lililo kati ya udongo na maji, na kasi ya maji ndani ya mwamba. Kila jibu hupewa alama 1 hadi 10, kisha huzidishwa kwa uzito wake. Kina kina uzito wa 5. Maji yakiwa mita 4 chini, alama ni 9, hivyo 9 × 5 = 45. Yakiwa chini zaidi ya mita 31, alama ni 1, hivyo 5 tu. Mteremko una uzito wa 1: penye tambarare maji hutuama na kunywea, penye mwinuko mkali hukimbia. Jumla zote huangukia kati ya 23 na 230, na kadiri inavyopanda ndivyo ardhi inavyopitisha uchafu kwa urahisi.

Ramani hiyo haijasema bado kama kuna uchafu. Juu yake huwekwa ramani ya pili: vyoo vya shimo vilivyosongamana Kaptembwo na Rhonda, jaa la taka la Gioto kwenye miteremko ya Menengai, vituo vya petroli, mashamba ya maua ya Naivasha yenye mbolea na dawa. Hatari iko pale ramani mbili zinapokutana vibaya.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo njia ya Marekani hailipi uzito wake. Bonde la Ufa limepasuka. Maji machafu yakiingia kwenye ufa hayachujwi na udongo. Hushuka moja kwa moja, hata kama maji yako kina kirefu. Ramani ya Nakuru isiyo na tabaka la nyufa isiaminiwe.

Pia isisomwe kupita kiasi. Data ya miinuko inayotumika mara nyingi ilipimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, kwa miraba ya mita 30 kwa 30. Mraba mmoja humeza karibu ploti mbili. Kwa hiyo rangi nyekundu inauhusu mtaa wako. Kisima chako kinahitaji kipimo cha maabara.

Na floraidi? Hiyo hutoka kwenye miamba yenyewe ya volkano, wala haimo katika hesabu hii. Kisima kinaweza kuwa mahali pa kijani na bado kikapita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na kuharibu meno ya watoto. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi wala naitreti inayotoka vyooni na kwenye mbolea.

Kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini. Mwombe akuonyeshe nyufa na vyoo vilivyo upande wa juu wa ploti yako. Kisima kikishaanza kutumika, pima floraidi, naitreti na vijidudu, na urudie kupima baada ya mvua ya masika, maana mvua kubwa ndiyo husukuma uchafu chini.