Kulala Ziwa Ellis: Mlima Kenya kwa Njia ya Chogoria

Wengi wanaopanda Mlima Kenya huwaza Lenana tu, kilele cha mita 4,985, na maziwa huyapita wakiwa hoi. Ushauri wangu ni tofauti. Ukiwa na wikendi ya kiangazi na miguu mizima, achana na kilele, nenda ukalale kando ya maji. Ziwa Ellis, upande wa mashariki wa mlima, linamtosha kabisa mtu anayebeba hema kwa mara ya kwanza.

Nenda Januari au Februari, au kati ya Julai na Septemba. Mimi napendelea Februari, kwa sababu asubuhi zake ni nyeupe na vilele huonekana mpaka karibu adhuhuri, kabla ukungu haujapanda kutoka msituni. Kiangazi kisikudanganye lakini: usiku maji huganda kwenye chupa iliyoachwa nje ya hema. Beba mfuko wa kulalia ulio mzito, kofia ya sufu, glovu, koti la mvua na soksi kavu za kulalia tu.

Mji wa Chogoria uko Kaunti ya Tharaka-Nithi, kwenye barabara ya lami ya Embu hadi Meru, na matatu hufika bila taabu. Shida huanzia hapo. Karibu kilomita 30 za kwenda lango la hifadhi zinapita kwenye msitu mzito, kisha mianzi, na mvua kidogo tu huifanya njia iteleze vibaya. Kodi Landruza pale mjini. Gari dogo litakwama. Msitu huo una nyati na tembo, kwa hiyo usiutembee bila mwongozaji, na mlimani pia usiende peke yako. Lipa kiingilio kwa eCitizen ukiwa bado mjini, maana huko juu simu haziaminiki.

Sasa jambo kubwa kuliko yote: mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Ellis takriban 3,450. Ukitoka jijini alfajiri na kulala ziwani siku hiyohiyo, kuna uwezekano mkubwa utakesha ukiumwa kichwa na kichefuchefu. Lala kwanza karibu na lango, palipo karibu mita 3,000, ambako kuna mabanda ya kukodi na uwanja wa mahema. Kesho yake panda polepole, kunywa maji mengi. Mwenzako akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema hali ameketi, mshusheni saa ileile, hata kama ni usiku. Vidonge vya maumivu havitoshi hapo.

Kutoka langoni hadi ziwani ni mwendo wa nusu siku kwa mtu asiye na haraka. Miti mikubwa ya msituni inabaki nyuma, unaingia kwenye vichaka vya baridi, halafu nyasi ndefu za mashungi, na ziwa linatokea mahali pa wazi pasipo hata mti wa kukinga upepo. Piga hema palipoinuka kidogo, mbali na ukingo. Chini ni tope na baridi hutuama huko.

Kuwasha moto wa kuni hakufai, kwani nyasi hizo zikishika moto hauzimiki kirahisi. Beba jiko la gesi. Kwa mwinuko huo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, hivyo githeri mbichi itakumalizia gesi na bado itabaki ngumu. Chukua chakula kilichokwisha kupikwa, chapati, mayai ya kuchemsha, uji na tangawizi ya chai. Maji ya ziwa yachemshe kabla ya kunywa.

Mwenye siku ya ziada aende Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000, ndani ya bonde lililochongwa na barafu ya zamani. Ukilitazama kutoka ukingo wa jabali liitwalo Temple, takriban mita 300 juu yake, utaelewa kwa nini nakusihi usikimbilie Lenana. Usikaribie mno ukingo huo penye ukungu. Bondeni kuna miti ya senesio iliyovaa majani yake makavu kuzunguka shina; majani hayo ndiyo blanketi lake dhidi ya jalidi, na mti wenyewe hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Usiyabandue kwa ajili ya kutandikia hema.

Kutoka Michaelson unaanzia mto Nithi, na watu wa Chogoria na Chuka wanaishi chini yake. Choo chimba mbali na maji, hatua mia au zaidi; sufuria usisuuzie ziwani; na taka zako zote, hata maganda ya mayai, tafadhali shuka nazo.