Chajio, Mlo wa Kwanza wa Siku

Ukimwuliza mwanafunzi ye yote mlo wa kwanza wa siku ni upi, atajibu upesi ya kuwa ni chai ya asubuhi. Jibu hilo ni sawa kwa mwenye kufuata kalenda ya ukutani. Lakini kwa jinsi wenyeji wa pwani walivyohesabu siku tangu zamani, mlo wa kwanza ni chajio, yaani chakula cha jioni. (Neno lenyewe ni kifupi, kama vile chamcha kilivyo kifupi cha chakula cha mchana. Siku hizi wachache hulitumia, nami naona ni hasara.)

Sababu ni hii. Kwa hesabu hiyo siku huanza jua linapokuchwa, si usiku wa manane. Mzee wa Lamu au Unguja akisema "usiku wa Ijumaa", maana yake ni usiku unaoingia Alhamisi jua likizama. Mwezi wa Ramadhani waonyesha jambo hili wazi. Mwezi ukiandama jioni, watu husali tarawehe usiku ule ule, na kabla ya alfajiri hula daku, hali hakuna aliyefunga bado hata saa moja. Ramadhani imekwisha ingia. Wayahudi nao huhesabu hivyo: Sabato yao huingia Ijumaa jioni. Kwa hiyo chakula cha mwisho alichokula Bwana Yesu pamoja na wanafunzi wake, na kusulubiwa kwake, ambavyo sisi Wakristo huvikumbuka Alhamisi na Ijumaa, kwa hesabu ya kwao vilikuwa katika siku moja.

Hapa Uganda tumesaidiwa na jua lenyewe. Ikweta yapita Kayabwe, katika njia ya Masaka, na kwa ajili hiyo jua huchwa karibu na saa moja mwaka mzima, likitangulia au kuchelewa kama robo saa tu. London, mwezi wa Desemba, huchwa kabla ya saa kumi ya alasiri, na mwezi wa Juni baada ya saa tatu ya usiku. Watu wa huko wasingeweza kufunga chakula chao na machweo. Iliwabidi kuifuata saa. Sisi twaweza.

Waganda huita chajio ekyeggulo. Zamani mama alimenya ndizi, akazifunga katika majani ya mgomba na kuzipika kwa mvuke juu ya moto wa polepole, akazibonyeza zikiwa bado ndani ya majani, kisha akazirudisha motoni ziive sawasawa. Kazi hiyo haina haraka, na harufu ya majani yale ndiyo iliyowaita watoto nyumbani. Watu walinawa mikono, wakaketi mkekani, na mtoto hakuondoka mpaka wote wamemaliza. Hapo mama alijua bila kuuliza ni nani hajarudi. Fungu la asiyekuwapo liliwekwa, na likibaki mpaka asubuhi liliitwa kiporo. Basi hata kifungua kinywa mara nyingi kilikuwa mtoto wa chajio.

Baada ya kula, mlaji humwambia mpishi, "Weebale kufumba," yaani asante kwa kupika. Mpishi hujibu, "Weebale kulya," asante kwa kula. Sijui salamu iliyo ya haki kuliko hiyo. Lakini mkeka wenyewe haukuwa wa haki siku zote. Katika Buganda ya zamani mwanamke hakula kuku wala mayai. Alimpika kuku, akamwandaa, akapiga magoti kumpakulia mgeni, naye asionje. Mwiko huo ulivunjwa katika karne ya 20, wanawake walipoanza kula kuku bila kujificha, na hakuna aliyedhurika. Wazee wanaosifu chajio cha zamani, wakamsahau aliyekuwa jikoni, wanasifu nusu yake tu.

Vyombo vikiondolewa, vitendawili vilianza. Kwa Kiswahili mtegaji husema "Kitendawili!" naye hujibiwa "Tega!" Kwa Kiganda husema "Koyi koyi!" na jibu ni "Lya!" maana yake kula! Ukishindwa, katika lugha zote mbili hulipa: Mswahili hutaka mji, Mganda hutaka kijiji, naye husemwa amekila. Mtoto aliyekwisha shiba ndizi aliweza kulala amekula na vijiji vitatu.

Nirudie hesabu ya siku kwa mfano mmoja. Bendera ya Uganda ilipandishwa Kololo usiku wa manane, ikaingia tarehe 9 Oktoba 1962. Kwa kalenda ya serikali, chajio cha jioni ile kililiwa tarehe 8, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Kwa hesabu ya mzee wa Lamu, tarehe 9 iliingia jua lilipokuchwa, na watu walikwisha kula mlo wa kwanza wa siku ya uhuru kabla bendera haijapanda.

Wanafunzi watokao Acholi, Teso, Toro na kwingineko, waulizeni wazee wenu likizo ijayo: chajio kwenu chaitwaje, nani hupakuliwa kwanza, na ni chakula gani ambacho mpishi wake hakuruhusiwa kukila? Majibu yaletwe kwa mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili.